Maabara Iliyohamia Stoo ya Duka

Saa mbili kasorobo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati ya mji wa Kisii, Emmah Aluoch anafungua kabati la joto lililo kwenye pembe ya maabara na kutoa sahani moja ndogo ya plastiki. Anaisogeza dirishani, anaiinua usawa wa macho na kuitazama.

Ndani ya sahani mna kitu kama uji ulioganda, rangi yake kijani. Juu ya uji huo lilipakwa tone la maji ya chemchemi, kisha sahani ikalazwa usiku kucha katika joto linalolingana na la mwili wa binadamu. Kama maji hayo yana vijidudu vya kipindupindu, kufikia asubuhi kijani hicho huwa kimeota vidoa vya manjano.

Leo hakuna manjano. Bi Aluoch anaigeuza sahani, anaitazama tena, halafu mabega yake yanashuka.

"Safi," anasema.

Nje ya mlango, kwenye benchi la mbao, ameketi mama mmoja aliyejifunga leso kichwani, kikapu cha ndizi kikiwa miguuni pake. Ni Mokeira, mlinzi wa chemchemi hiyo, aliyetoka kwake upande wa Nyamira kulipopambazuka. Majibu angeweza kuyapata kwa simu. Hataki.

"Simu inaongea tu," anasema. "Mimi nataka nione uso wa huyu mama akiniambia."

Kila mwezi huja namna hiyo. Mmoja ni Mjaluo wa kando ya ziwa, mwingine ni Mgusii wa mlimani, na kilichowakutanisha ni kaburi la mtoto.

Bi Aluoch ana umri wa miaka 59. Ni mtaalamu katika maabara ya afya ya umma inayohudumia kaunti za Kisii na Nyamira, na mwakani anastaafu. Katika jengo hili hapatolewi sindano wala vidonge, na wengi wanaopita nje ya ua wake hawajui hata kinachofanyika ndani. Huletwa maji ya visima na ya chemchemi, maziwa, nyama ya buchani, makohozi, damu na choo cha wagonjwa. Kinachotafutwa ni kile kilichoua mtu mmoja, kabla hakijaua wa pili.

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu Mzee Ochoki, mtu wa Nyamarambe, aliyekuwa ameikuta maabara ikiwa chumba kimoja. Ochoki alipenda kuwasimulia wageni habari za darubini ya kwanza, ya shaba, isiyojua umeme. Chini yake ilikuwa na kioo kidogo cha kunasia mwanga wa jua. Na kwa kuwa Kisii mvua hunyesha karibu kila alasiri, damu zote za malaria ilibidi zisomwe kabla ya adhuhuri. Wingu likitanda mapema, mgonjwa alirudi nyumbani na homa yake bila kujua ni homa gani.

Baadaye lilijengwa jengo la matofali, umeme ukaja, vikaongezwa vyumba viwili na kabati la joto. Bi Aluoch aliripoti kazini mwaka 1990 akiwa na sanduku la bati na barua ya ajira, akapokewa na Ochoki kwa swali moja tu: kama anaogopa choo cha watu.

"Nikamwambia mimi ni mtoto wa mama samaki," anakumbuka. "Harufu haiwezi kunifukuza."

Mama yake alikuwa akipanda milima hii kutoka ufuoni kila siku ya soko, karai la samaki kichwani, kuwauzia watu wa Kisii. Karo ya binti yake ilitoka hapo. Kwa hiyo alipopangiwa kazi Kisii, mama alifurahi akamwambia kuwa anakwenda kwa watu waliomsomesha.

Miaka ile ya mwanzo, malaria ilianza kupanda milimani. Watu wa huku hawakuwa wameizoea. Mtu mzima mwenye nguvu zake alikuwa akianguka kama mtoto mchanga, na foleni ya wanaosubiri kutobolewa kidole ilitoka nje ya lango hadi barabarani. Kisha ukaja Ukimwi. Bi Aluoch hapendi kuuzungumzia muda mrefu.

"Nilijifunza kutotazama nyuso za watu koridoni," anasema. "Kwa sababu mimi nilikuwa najua kabla yao."

Lakini ukimuuliza ni wakati gani maabara hii ilitikisika hadi msingi, hatataja malaria wala Ukimwi. Atataja Januari ya mwaka 2008.

Nchi ilikuwa imewaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, jirani wa kabila moja akimwogopa wa kabila jingine. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo. Mkuu wa maabara alikuwa amekwenda kwao Krismasi akashindwa kurudi. Bi Aluoch ndiye aliyerudi mapema kwa zamu, akamwacha mumewe Jeconia, ambaye ni mwalimu, pamoja na watoto huko kando ya ziwa. Basi akajikuta peke yake katika mji uliomlea kikazi, na ambao sasa ulimtazama kama mgeni.

"Kadi za simu zilikuwa zimeisha madukani," anasema. "Siku nilipompata Jeconia hewani, aliniambia, 'Kaa hapo hapo, usijaribu barabara.' Akasema, 'Lakini hapo ulipo napo si kwetu.' Simu ikakatika."

Wiki hiyo hiyo, afisa wa afya aliingia na pikipiki iliyojaa matope. Katika kijiji kimoja upande wa Nyamira, ambacho wazee wake wameomba kisitajwe gazetini, watu walikuwa wanaharisha na kutapika hadi macho yanazama. Alianza mzee mmoja, akafa kabla ya kufikishwa zahanati. Wakafuata watoto. Mmoja wao alikuwa Nyanchoka, binti wa miaka sita, mtoto wa pekee wa Mokeira.

"Asubuhi alikuwa anacheza uani," Mokeira anasema, akiangalia mikono yake. "Jioni ngozi yake ukiivuta inabaki imesimama, hairudi. Nilimbeba mgongoni kwenda zahanati. Nikiwa njiani nikahisi amekuwa mzito."

Bi Aluoch, aliyeketi kando yake, anamsogelea.

Kabla ya maabara kusema lolote, uvumi ulikuwa umeshasema. Katika soko la kijiji walikuwako akina mama wachache wa kutoka ziwani waliouza omena, yaani dagaa wa ziwani, na samaki wa kukaanga. Vijana wakaanza kusema ugonjwa umeletwa ndani ya samaki, tena kwa makusudi. Kibanda kimoja kikachomwa. Wengi wa wale akina mama walitoroka kwa miguu kupitia mashamba ya chai. Wawili walichelewa, wakakimbilia ofisi ya chifu, wakafungiwa humo kwa usalama wao. Nje, vijana walikaa kwenye nyasi wakingoja.

Mzee Ochoki, aliyekuwa amestaafu lakini akarudi kusaidia, alikwenda mwenyewe kijijini, amekaa nyuma ya pikipiki ya afisa wa afya. Alirudi na sanduku la barafu, akaliweka juu ya meza. Alikuwa amechukua choo cha wagonjwa na maji ya chemchemi wanayochota wanakijiji.

"Nimeleta na samaki," akasema.

Bi Aluoch akalitazama sanduku.

"Tukiwaacha samaki, watasema tumewaficha kwa sababu yako."

"Na wakikutwa na vijidudu?"

"Hilo utaniambia wewe."

"Nitaandika nilichokiona, Mzee. Lakini wale mama wawili hawatatoka kwa chifu wazima."

Ochoki alivua kofia, akaikunjakunja mikononi. "Ndiyo maana ninakuuliza sasa, kabla hatujaanza. Ukitaka, nenda ukapumzike. Nitasoma mimi peke yangu, na jina lako halitakuwamo."

Bi Aluoch anasema alifikiri juu ya mama yake na lile karai kichwani. Alifikiri pia juu ya wale watoto. Kisha akavaa glavu.

"Nilimwambia tusome wote wawili. Kama ni ubaya, nione kwa macho yangu."

Walipaka sahani moja baada ya nyingine, wakazitia kwenye kabati la joto. Hawakuwa wamemaliza kunawa mikono taa zilipozimika.

Transfoma ilikuwa imeharibika, na mafundi wa umeme hawakuweza kupita barabarani. Maabara ilikuwa na jenereta yake ya dizeli, lakini vituo vya mafuta mjini vilikuwa vikavu. Bila joto, katika baridi ya Kisii, vijidudu vingelala usingizi na sahani zingebaki kijani zote, za wagonjwa, za maji na za samaki. Sahani kama hizo hazisemi chochote. Na kule kijijini watu walikuwa bado wanachota maji.

Ochoki ndiye aliyemkumbuka Lalit.

Lalit alikuwa na duka la vitambaa na vyombo vya nyumbani katika barabara kuu, duka alilorithi kwa baba yake. Lilikuwa limefungwa tangu Mwaka Mpya, lakini mlio wa jenereta yake ndogo ya petroli ulisikika mara mojamoja kutoka uani. Ochoki na Bi Aluoch walipita uchochoroni, wakabisha mlango wa nyuma. Lalit alifungua akiwa ameshika mpini wa jembe.

Walimweleza shida yao wakiwa wamesimama pale pale. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mzee, petroli ninayo," akasema. "Lakini si ya jenereta. Ni ya gari."

Nyuma yake, uani, gari lilikuwa tayari limepakiwa. Ndugu yake, Manish, alikuwa amepata habari kwamba polisi wangesindikiza msafara wa magari kutoka mjini kesho yake. Madebe mawili yaliyofichwa chini ya majora ya vitambaa yangeifikisha familia yote Kisumu. Jenereta ikinguruma usiku kucha na mchana wake, msafara ungeondoka bila wao.

Manish alisikia mazungumzo hayo akatoka nje, akamwambia kaka yake kwa Kigujarati maneno ambayo Bi Aluoch hakuyaelewa, ingawa maana yake aliielewa vizuri. Lalit akabaki katikati, mpini mkononi, anamtazama huyu, anamtazama yule. Mwishowe akamgeukia mkewe.

Padma, ambaye sasa ana miaka 67 na bado hukaa kwenye kaunta ya duka hilo pamoja na mwanawe Gautam, anaikumbuka saa hiyo vyema.

"Petroli ilikuwa yake," anasema. "Lakini nyumba ni yangu. Kwa dini yangu mimi sili hata yai. Nikauliza, ndani ya hilo sanduku lenu kuna nini? Huyu mama akaniambia kweli, hakunificha. Akasema, 'Kuna choo cha wagonjwa na samaki.'"

Anacheka kidogo, kisha uso wake unarudi mahali pake.

"Nikamwuliza, mtoto akinywa hayo maji leo, atakufa? Akaniambia, 'Anaweza.' Basi, sasa mimi ningesema nini? Nikamwambia ingiza. Lakini upite mlango wa stoo, jikoni usipite."

Kabati la joto liliondolewa maabara juu ya mkokoteni, limefunikwa blanketi, likasukumwa na Ochoki na afisa wa afya katikati ya mji uliofunga milango. Bi Aluoch alitembea kando, amezikumbatia sahani zake ndani ya sanduku. Vijana waliokuwa kwenye kona waliwatazama wakipita. Ochoki akawasalimu kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii, kwa sauti ya mzee anayekwenda kwenye shughuli zake, nao wakaitikia.

Padma alikuwa amehamisha majora ya vitambaa, ameosha sakafu na kutandika magazeti. Lalit akafungua debe la kwanza, akalimimina kwenye tangi la jenereta mpaka tone la mwisho. Manish hakumsemesha kaka yake siku hiyo wala iliyofuata. Kulipokucha, magari ya msafara yalisikika yakiondoka. Hakuna aliyetoka kuyatazama.

Muda ulipotimia, Bi Aluoch alifungua kabati.

Sahani za wagonjwa zilikuwa zimejaa manjano. Sahani ya chemchemi, manjano. Alizitoa za samaki mwishoni kabisa. Aliegemeza viwiko mezani, akazitazama. Zilikuwa kijani, zote, kama alivyoziacha.

Alimpa Ochoki naye azitazame. Kisha wakazifanyia zile za manjano kipimo cha pili, tone la dawa ambalo hugandisha vijidudu vya kipindupindu na kuviacha vingine vikielea. Viliganda.

"Nilitaka kufurahi," Bi Aluoch anasema. "Halafu nikaona aibu. Kwa sababu kama samaki ni wazima, basi ni yale maji. Na wakati huo nikiwa nimesimama pale, kuna mama mahali fulani anamchotea mtoto wake kikombe."

Ochoki hakungoja chai. Alipanda pikipiki kwenda kijijini, ambako chifu alikuwa ameitisha baraza. Akasimama, akawaambia watu waache kuchota kwenye chemchemi mara moja, akaeleza kilichoonekana. Watu walimheshimu, walimsikiliza hadi mwisho. Kisha kijana mmoja akauliza aliyesoma ni nani.

Ochoki hakuwa mtu wa kusema uongo. Akataja majina yote mawili.

Baraza likavurugika. Walisema huyo mwanamke wa ziwani angeona nini kingine zaidi ya kuwatetea watu wake. Walisema chemchemi hiyo walikunywa babu zao. Ochoki alijaribu kusema kwamba naye aliona kwa macho yake, lakini sauti zilikuwa zimemzidi. Wengine wakaanza kuinuka kuelekea upande wa ofisi ya chifu.

Hapo ndipo Mokeira alipopita katikati yao. Alikuwa hajasema na mtu tangu mazishi. Alikuwa amenyolewa nywele, na nguo aliyovaa ndiyo ile ile aliyomzikia mtoto.

"Omogaka," akamwambia Ochoki, kwa heshima anayopewa mzee. "Nipeleke nikaone."

Waliokuwa wameinuka wakakaa tena kumngoja. Hakuna aliyethubutu kumzuia mfiwa.

Alifikishwa Kisii nyuma ya pikipiki, akapitishwa mlango wa stoo ya Lalit. Bi Aluoch alimkuta amesimama kati ya majora ya vitambaa, matope hadi magotini. Hakumsalimu. Alimletea sahani mbili zilizofungwa kwa utepe, akamwomba asiziguse, akamwonyesha.

"Hii ni ya maji mnayochota. Hii ni ya samaki."

Mokeira aliinama, akaitazama ile ya manjano kwa muda mrefu.

"Hiki ndicho kilichomla mtoto wangu?"

"Ndicho, mama."

"Ni kidogo hivi."

"Kila kidoa ni maelfu kwa maelfu. Kijidudu kimoja peke yake huwezi kukiona kwa macho."

Mokeira akanyoosha mgongo. Kisha akasema, kana kwamba anazungumza na mtu mwingine, "Maji nilimchotea mimi. Alikuwa na kiu, nikamchotea tena."

Bi Aluoch alivua glavu zake, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akamshika mkono. Padma aliyekuwa mlangoni aliondoka, akarudi na chai. Wanawake watatu waliketi juu ya majora ya vitambaa, kila mmoja na dini yake na lugha yake. Chai ya Mokeira ilipoa bila kuguswa.

Aliporudi barazani, hakupanda mahali pa juu. Alisimama pale pale alipokuwa amesimama awali. Alisema kwa Ekegusii, na waliokuwapo bado wanayarudia maneno yake.

"Mtoto wangu hakula samaki. Tangu Krismasi samaki hajaingia nyumbani kwangu, sikuwa na cha kununulia. Alikunywa maji. Nimekwenda nimeyaona. Anayetaka kumpiga mtu kwa ajili ya Nyanchoka, aanze na mimi niliyechota."

Hakuna aliyeinuka. Baada ya muda, mzee mmoja alichukua jembe, akaenda chemchemini na kuziba njia kwa miiba. Wengine wakamfuata.

Jioni hiyo wale akina mama wawili walitolewa kwa chifu na kusindikizwa na wazee hadi mahali salama. Mali yao ilikuwa imekwisha kuwa majivu, na ilipita miezi mingi kabla ya samaki kuuzwa tena katika soko hilo.

Chanzo kilijulikana baadaye. Juu ya chemchemi, karibu na kinu cha kusagia unga, walikuwa wamepewa hifadhi watu waliofukuzwa makwao huko Bonde la Ufa. Wanakijiji waliwakaribisha, wakawapikia, wakawachimbia choo cha shimo haraka haraka. Udongo ulikuwa laini na mvua kubwa. Uchafu ulipenya hadi kwenye mshipa wa maji.

"Shimo lile lilichimbwa kwa huruma," Bi Aluoch anasema. "Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hapakuwa na mtu mwovu wa kumlaumu."

Watu tisa walizikwa kabla ya ugonjwa kukoma. Baada ya chemchemi kufungwa na dawa kugawiwa, hakufa mwingine.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba kuanzia siku hiyo Bi Aluoch alipendwa na wote. Sivyo. Kabla mwezi huo haujaisha, mtu alirusha jiwe kwenye dirisha la chumba alichopanga. Jeconia, alipofanikiwa kufika Kisii, alimsihi aombe uhamisho. Hata barua alikuwa amemwandikia tayari, ilibaki kutia sahihi.

"Niliisoma," anasema. "Nikamwambia, nikienda, watasema nilikuwa nimedanganya ndiyo maana nikakimbia. Na yule mama atabaki na maneno yake peke yake."

Alibaki. Kioo kikabadilishwa. Lalit hakuuza hata jora moja kwa wiki kadhaa, kwa kuwa wateja walisikia kilichokuwa stooni mwake, na Padma alisugua sakafu hiyo hadi saruji ikabadilika rangi. Manish alihamia Nairobi mwaka uliofuata. Kwa maelezo ya Padma, ndugu hao walipatana kabisa siku ya harusi ya Gautam. Lalit alifariki mwaka 2019. Miongoni mwa waliokwenda kuhani, Padma anasema, alikuwamo mwanamke wa Kigusii ambaye majirani hawakumjua, aliyeleta mkungu wa ndizi na kuketi hadi mwisho.

Chemchemi ilijengewa ukuta wa saruji na bomba, na juu yake hairuhusiwi kuchimbwa kitu. Wanakijiji walipotafuta mlinzi, hakuna aliyehitaji kupiga kura. Mokeira hufagia, hukata nyasi, hufukuza ng'ombe, na kila mwezi hujaza chupa iliyochemshwa na kuileta mjini katika sanduku la barafu.

Maabara nayo imepita mengi tangu hapo. Kaunti zilipoanza, Kisii na Nyamira zilivutana kuhusu nani alipie nini, na kwa msimu mzima rafu zilikaa tupu. Wakati wa korona, wafanyakazi wanne walifanya kazi ya watu kumi, na Bi Aluoch alilala maabara akiogopa kumpelekea Jeconia ugonjwa. Hata mwaka jana walikaa miezi minne bila ule uji wa kijani. Mokeira aliendelea kuja. Aliambiwa hakuna cha kupimia, akaketi kidogo kwenye benchi, akarudi na chupa yake.

"Hayo ndiyo yaninyimayo usingizi," Bi Aluoch anasema. "Yule mama anaamini kwamba tunalinda. Kuna miezi hatulindi, tunabahatisha tu."

Kwa sababu hiyo, watu wanapomuuliza kama akistaafu atarudi ziwani kupumzika, hujibu kwamba Jeconia amekubali kumngoja mwaka mmoja zaidi. Nyamira inatayarisha chumba chake cha kupimia maji, ili chupa zisisafiri tena hadi Kisii. Vijana wawili wameajiriwa. Wana vyeti vizuri, anasema, na mashine watakazopewa zitatoa majibu kabla ya chai ya saa nne. Bado hawajawahi kumwambia mama aliyefiwa kilichomuua mwanawe. Ameomba akae nao mwaka huo, awatembeze chemchemi moja baada ya nyingine, wawajue watu wanaokunywa humo kabla ya kuyapima maji yao.

Swali lililobaki ni mahali pa kukaa. Nyumba za kupanga Nyamira zinapatikana, lakini Mokeira amelikata shauri hilo mapema. Amejenga nyumba ya matofali, na ndani yake mna chumba ambacho hakijawahi kulaliwa. Hakueleza alikijenga akimfikiria nani. Alisema tu kwamba kitanda kipo.

Bi Aluoch amefika katika kijiji hicho mara nyingi miaka hii yote, kukagua ukuta, kunywa uji, kuzika wazee. Kila mara amehakikisha kwamba jua likianza kuinama yuko tayari barabarani kurudi Kisii. Hakuna aliyemfukuza. Ni mazoea ya mwili, anasema, mguu wenyewe huanza kuinuka.

"Nimemwambia Mokeira nitakuja na blanketi langu, maana huko kuna baridi," anasema, akifunga upya vifungo vya koti. "Akaniambia nisibebe kitu. Basi safari hii nitalala."